Ndizi Zilizokosa Hewa

Baba mdogo alinipa hadi Jumamosi. Alisema nikiwa na pombe ya ndizi ya kuwatosha wageni, siku ya kuombwa kwa mdogo wangu, yaani posa yake, itafanyika nyumbani kwetu Mururu, na mimi nitakaa kwenye kiti cha mzazi. Nikikosa, shughuli yote itahamia kwake Gitambi, na yeye ndiye atakayewajibu wakwe. Hakulisema kwa ukali. Alilisema akiwa mlangoni, mwavuli wake ukidondosha maji kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuipiga deki, na kabla ya kuondoka aliniuliza kama paa letu bado linavuja.

Sisi tumezaliwa watatu. Mimi ni wa kwanza. Anayenifuata ni mwanamume, anafanya kazi kwenye kinu cha mpunga Bugarama. Wa mwisho ni msichana, na ndiye aliyekuwa anaolewa. Baba alifariki tukiwa bado upande wa pili wa mpaka, Bukavu. Mama alifariki miaka michache baada ya kurudi huku. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mwaka wa pili wa sekondari, na huyu msichana alikuwa na saba. Siku ya tatu baada ya mazishi ndugu walikaa uani kutugawana. Baba mdogo alimtaka msichana, shangazi mmoja alimtaka mvulana, na mimi ningepelekwa kwa mtu ambaye sikumfahamu. Nilisema hatugawanywi. Wazee walicheka kidogo, cheko la kumsikitikia mtu, na mmoja wao akasema mtoto halei watoto. Baba mdogo hakucheka. Alisema tu kwamba siku moja nitahitaji mtu mzima wa kusimama mbele ya watu kwa niaba yetu, na nitamkumbuka.

Sikurudi shule. Nilishika kazi ya mama, ambayo ni kuvumbika ndizi, kuzikamua na kuuza juisi na pombe. Nimeifanya karibu miaka ishirini. Kwa hiyo baba mdogo aliponiwekea sharti la pombe, alinipa kazi ninayoiweza kuliko zote. Nadhani alijua hivyo. Nadhani alitaka nishinde. Mawazo hayo yamenijia baadaye tu.

Shimo la mama liko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, refu kama kitanda, kina chake kinafika kiunoni. Kwa Kinyarwanda tunaliita urwina. Kwanza unalikausha kwa moto wa majani makavu. Unaondoa majivu, unatandika majani mabichi ya mgomba chini na pembeni, unapanga ndizi chane kwa chane, unafunika kwa majani mengine, kisha udongo juu. Upande mmoja unaacha tundu, na hapo unawasha moto mdogo wenye moshi mwingi, moshi uingie uzunguke kati ya ndizi. Baada ya siku nne, au tano kukiwa na baridi, unafukua, na zile ndizi zilizoingia ngumu kama kuni zinatoka za njano, harufu yake inafika barabarani.

Mama hakuniambia kwa nini tunatumia moshi. Naye pengine hakuambiwa. Nilijua vitu kwa mikono. Nilijua kwamba ndizi ambayo haijapevuka haiivi hata ukiivumbika mwezi mzima, inanyauka tu. Nilijua kwamba ndizi moja iliyoiva, ukiitupa katikati ya mbichi, inazivuta zote. Nilijua kwamba iliyoiva kupita kiasi haifai kukamuliwa: unaikanda na nyasi, inageuka uji unaonata, na hupati tone. Kuna siku moja au mbili tu ambazo ndizi inakubali kutoa juisi, na kazi yetu yote ni kuilenga siku hiyo.

Mipango yangu ilikuwa hivi. Ijumaa ya wiki iliyotangulia, ndizi ziingie shimoni. Jumatano zitoke, zimenywe, zikamuliwe. Kutoka Jumatano hadi Jumamosi juisi ikae na unga wa mtama uliokaangwa, ichachuke iwe pombe. Sikuwa na siku ya akiba. Ndugu yangu alipanda kutoka Bugarama, akakata mikungu yote iliyopevuka na mingine tuliyoomba kwa jirani, akanisaidia kuipanga, akarudi kazini.

Ijumaa jioni mvua ilianza. Ikanyesha Jumamosi, ikanyesha Jumapili, mvua ya baridi ya milimani isiyo na radi wala haraka. Kila nilipoisikia kwenye bati nilizifikiria ndizi. Jumapili baada ya ibada nilitoa udongo upande mmoja, nikapitisha mkono chini ya majani. Kulikuwa na baridi kama ya ukutani. Nikafukiza moshi upya, nikafunika. Jumatatu asubuhi nilifukua tena. Nilikuwa nimepiga magoti, mkono umezama hadi begani, msichana wetu aliponikuta.

Anafundisha sayansi katika shule ya msingi Bugarama, na walikuwa wamempa ruhusa ya wiki ile. Alisimama nyuma yangu na begi lake mgongoni.

"Yaya, unafanya nini?" Huku kwetu yaya ni dada mkubwa, na hajawahi kuniita kwa jina lingine.

"Naangalia."

"Na jana uliangalia?"

"Niliangalia na jana."

Akacheka hadi begi likateleza. "Weye uko kama batoto bangu. Tunapanda maharagwe mu kikopo, kesho yake banaifukua yote, ati banaangalia kama imeota."

Alichuchumaa kando yangu na kuanza kunieleza, kwa ile sauti yake ya darasani ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kwa karibu. Alisema ndizi, hata ikishakatwa, bado iko hai. Ndani yake imejaa wanga, kama muhogo, na wakati wake ukifika wanga huo unageuka sukari. Rangi ya kijani inavunjika, na ile ya njano ambayo ilikuwepo siku zote chini yake inaonekana. Gundi inayoshikilia nyama ya tunda inalegea, ndiyo maana inakuwa laini. Si kila tunda linafanya hivyo. Nanasi ukishalikata halizidi utamu hata uliweke wiki nzima, na chungwa vivyo hivyo. Lakini ndizi, parachichi, embe na marakuja, yale matunda ya pasheni, vinaendelea kuiva mikononi mwako. Na kinachotoa amri hiyo ni gazi, hewa fulani isiyoonekana, ambayo tunda lenyewe linaitoa. Wanaiita etileni. Ndizi ikiipata ya jirani yake, nayo inaanza kutoa ya kwake, ikiwa nyingi kuliko ya kwanza. Moshi wa majani nao una gazi hiyo hiyo kidogo.

"Kumbe Mama alikuwa anatumia etileni," alisema, akifuta tope kwenye kucha zake. "Na hakuisoma popote."

Nilifurahi, na nilichomwa kidogo. Kazi yangu ya miaka yote, msichana niliyemfunga viatu akienda darasa la kwanza ameimaliza kuieleza kwa muda usiotosha kuchemsha maji. Sikumwonyesha. Nilimuuliza kitu kimoja tu, kwamba mimi nikifukua inakuwaje.

"Kila mara unafungua, gazi inatoka yote. Basi njo unaanza upya."

Neno hilo nililichukua. Siku mbili nilikuwa naipoteza gazi kwa mkono wangu mwenyewe. Alikuwa bado anaongea. Alisema, "Ila kuko na kitu kingine, Yaya," na mimi nikamwambia nimesikia, nimeelewa, aende aweke maji kwenye moto aoge, kwa sababu fundi wa nguo alikuwa anamsubiri mjini Kamembe. Alinitazama kidogo. Kisha akaenda.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwacha amalize. Haraka ilikuwepo, lakini si haraka tu. Nilimfundisha kuhesabu kwa maganda ya maharagwe. Nilimfundisha kufua, kuomba, kunyamaza mbele ya wageni. Sikuwa na mazoea ya kukaa chini yake.

Alipoondoka nilikwenda kutoa shitingi, lile turubai la plastiki tunaloanikia mtama. Nilifukiza moshi mwingi kuliko kawaida hadi machozi yakanitoka. Niliziba tundu la moto, nikarudisha majani, na badala ya udongo peke yake nikatandika shitingi, nikaikunja mara mbili. Nilichota udongo wa mfinyanzi bondeni, nikaukanda kwa miguu, nikaupaka kwenye kingo zote kama mtu anayepiga lipu. Juu nikapanga mawe. Nilipomaliza nililizunguka shimo nikitafuta ufa wowote wa kupitisha moshi, na sikuuona. Nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyesoma.

Jumanne sikugusa kitu. Baba mdogo alipiga simu kuuliza hali ya ndizi, nikamwambia ziko vizuri, zimetulia. Akasema amefurahi, na nilimwamini. Akaniuliza viti vitatosha, nikasema vitatosha.

Jumatano asubuhi ndugu yangu alikuja na mikono yake ya kukamua, na msichana alikuwa amerudi kutoka Kamembe na nguo zake ndani ya mfuko. Mvua ilikuwa imekatika. Tulitoa mawe, tukabandua udongo, tukaikunjua shitingi. Upande wake wa chini ulikuwa umejaa matone, na maji yalimwagika miguuni petu yakiwa ya uvuguvugu. Kisha ikaja harufu. Haikuwa ile inayofika barabarani. Ilikuwa harufu ya chachu iliyoharibika, kama pumzi ya mtu aliyelala na homa.

Ndizi zilikuwa zimebadilika, lakini hazikuwa zimeiva. Zilikuwa na rangi ya kijani iliyokufa, kijivu karibu, na mabaka ya kahawia. Ndugu yangu alichukua moja akaivunja. Ilivunjika kwa mlio. Ndani ilikuwa nyeupe na ngumu. Akaigusa kwa ulimi, akatema pembeni, akairudisha shimoni taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Yeye ni mtu wa hivyo.

Msichana alishuka ndani ya shimo. Alipita chane moja baada ya nyingine, akizibonyeza, akizinusa. Kwenye kona ya chini alikaa muda mrefu. Hapo kuku walikuwa wamekwaruza udongo wangu ukapasuka, na shitingi ilikuwa imenyanyuka kiasi cha kupitisha vidole viwili. Karibu na upenyo huo kulikuwa na chane tatu za njano safi, zinazong'aa, zenye harufu ya kweli. Alizitoa akaziweka juu ya nyasi.

"Ulifunika na shitingi," alisema.

"Wewe ulisema gazi inatoka."

"Nilikuambia gazi. Sikumaliza."

"Kwa nini hukumaliza?"

"Ulinituma kuweka maji ku moto."

Kisha akaendelea pale alipokuwa ameachia Jumatatu. Alisema tunda linapumua. Linavuta hewa kama tunavyovuta sisi na kutoa ile tunayoitoa sisi, na likiwa linaiva linapumua kwa nguvu zaidi, ndiyo maana shimo linapata joto. Ukilifungia kabisa, linamaliza hewa nzuri na kubaki na pumzi yake yenyewe. Pumzi hiyo ikijaa, ile etileni hata ikiwa tele haifanyi kazi. Amri ipo, hakuna wa kuitii. Na baada ya hapo tunda linaanza kuchacha likiwa bichi.

"Majani ya Mama na udongo wake vilikuwa vinavuja," alisema. "Kidogo. Ile kuvuja nayo ilikuwa mu kazi."

Aliongea kwa upole, na upole huo niliuchukia. Ningependa anilaumu. Nilimuuliza tufanye nini. Alisema tuzitoe zote zipigwe na hewa hadi mchana, tutupe zilizooza, kisha tuzivumbike upya kwa majani tu, na zile chane tatu za njano tuziweke katikati, pamoja na parachichi na marakuja zilizoiva za jirani. Huenda Ijumaa au Jumamosi baadhi zikageuka. Hakuahidi. Ndugu yangu alianza kuzitoa. Wote watatu tulijua kwamba hata zikigeuka siku hiyo, tutapata juisi. Pombe inataka siku tatu, na siku tatu hazikuwepo tena.

Mimi peke yangu nilikuwa bado nazitafuta.

Alhamisi nilishuka Kamembe kwa fundi wa kuchomelea aliyetutengenezea mlango. Ni Mwislamu, mtu wa makamo, na kila Ramadhani mke wake hununua juisi yangu ya futari. Nilikuwa nimesikia sokoni kwamba wapo wanaoivisha maembe na ndizi kwa kabaidi, mawe yale ya kijivu ambayo mafundi wanayatia maji yatoe gazi ya kuchomea chuma. Wanasema unaweka vipande vichache ndani ya karatasi kati ya matunda, na kesho yake yote ni ya njano. Wanasema pia kwamba yanaunguza mikono na kwamba yana sumu. Hayo mengine nilikuwa nimeamua kutoyafikiria.

Alinipokea akicheka. "Maman wa Mururu, mlango umekataa kufunga ao umekataa kufunguka?"

Nilimwambia mlango ni mzima. Nataka vipande kidogo vya kabaidi. Akauliza vya kazi gani. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ni vya kuziba sufuria, lakini niliposimama mbele yake nikasema ni vya ndizi.

Aliweka nyundo chini. "Bibi yangu anafuturu na juisi yako. Njo unakuja kuniomba hiyo kitu?"

"Ni mara moja tu, Mzee."

"Hata mara moja. Hii ni dawa ya chuma, haina kazi mu tumbo la muntu. Na itakudanganya. Ganda itakuwa njano, ndani itabaki kuni. Utakamua nini? Rangi?" Kijana wa karakana ya pili alikuwa anasikiliza, na fundi akamgeukia ili nami nicheke. "Ingekuwa inaivisha kweli, ningeshamwekea shemeji yangu. Iko mbichi tangu nioe dada yake."

Sikuweza kucheka. Alivuta kiti akaniambia nikae, akaniagizia chai. Niliona aibu, nikasema nina haraka. Nilipokuwa naondoka alinifuata hadi barabarani, akaniuliza nani ananisumbua. Nikamwambia hakuna. Njia yote ya kupanda kurudi nilikuwa nikisikia neno lake, utakamua nini. Alikuwa ameniambia kitu ambacho nilikijua tangu mwanzo. Nilikuwa tayari kuwanywesha wageni sumu, tena sumu isiyo hata na juisi, ili nisionekane nimeshindwa. Mtu anaweza kuishi miaka mingi akijiona mwaminifu kwa sababu tu hakuna kilichombana.

Ijumaa asubuhi baba mdogo alikuja bila kupiga simu. Nilimwambia kabla hajakaa. Nilimwambia habari ya mvua, ya kufukua, ya shitingi. Ya fundi sikumwambia. Alikwenda nyuma ya nyumba, akainua majani kidogo, akanusa, akayarudisha vizuri kama anayejua kazi hiyo. Nilikumbuka kwamba naye alikulia nyumba moja na baba yangu, yenye shimo kama hili.

"Basi ni Gitambi," alisema.

Nilisema kesho kutakuwa na juisi. Baadhi zimeanza kugeuka, tutazikamua alfajiri, itakuwa mbichi na tamu.

"Juisi ni ya batoto na balokole. Bakwe watasema tumebapokea kama batoto ba masomo ya Jumapili." Hakutania. "Mwanangu, mi sitaki kukunyanganya kitu. Kwangu pombe iko tayari, niliitengeneza tangu wiki iliyopita. Nilisema kama haitahitajika tutakunywa siye wenyewe."

Kumbe alikuwa ameshajiandaa. Hilo lilinifanya nisimame. Nilimwambia hapana. Nililisema kwa sauti ile ile niliyoitumia uani nikiwa na miaka kumi na mitano. Niliisikia mimi mwenyewe. Nilisema msichana huyu ametoka mikononi mwangu, ataombwa mbele ya mlango wa mama yake, na asiyependa juisi anywe maji. Ndugu yangu alikuwa amesimama na panga la kukatia nyasi, akitazama chini. Baba mdogo alifungua mdomo kunijibu.

"Yaya," msichana akasema. "Twende Gitambi."

Nilidhani ananihurumia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nitayamaliza.

"Haiko wasiwasi. Miye ndiye ninataka." Alifunga mikono yake pamoja. "Tangu niko mudogo, nikishinda mtihani ni yako, nikianguka ni yako. Kila muntu akikuja hapa unanisimamisha mbele yake. Mi si ushahidi, Yaya. Nimechoka kuwa ushahidi. Kesho nataka kuombwa tu, kama basichana bengine."

Nilimtazama baba mdogo, nikitegemea kumwona amefurahi. Ningepata wa kumkasirikia. Alikuwa anatazama viatu vyake vyenye tope. Msichana aliingia ndani, na tukamsikia akikunja nguo.

Mimi ni mtu wa kushikilia. Watu wa kijiji wananisifu kwa hilo, na kanisani waliwahi kunitaja mbele ya wote. Siku ile ndugu yangu peke yake ndiye aliyenisogelea. Alinipa kikombe cha maji, akaniambia nyasi za kukamulia ameshakata, kwa hiyo kesho alfajiri tukamue zilizoiva, zisiharibike. Ndivyo tulivyofanya. Kulipopambazuka Jumamosi tulimenya zilizogeuka, tukazikanda na nyasi ndani ya mti uliochongwa kama mtumbwi, hadi juisi ikaanza kujitenga na kutoka, ya rangi ya asali. Ilikuwa nzuri. Ilijaza nusu ya dumu. Tuliibeba hadi Gitambi, shangazi wakaipokea mlangoni na kuipeleka nyuma, pamoja na soda za watoto.

Nilipewa kiti mstari wa pili, kati ya shangazi wawili. Baba mdogo alikaa mbele na fimbo yake. Upande wa wakwe walipouliza ni nani anayeweza kuwasimulia habari za msichana, wajue wanachukua mtu wa namna gani, alisimama yeye. Aliongea vizuri. Lazima niseme hivyo, aliongea kuliko ambavyo mimi ningeongea. Alisimulia jinsi msichana alivyougua malaria akiwa darasa la pili, tukambeba mgongoni katika mvua hadi kituo cha afya. Alisimulia jinsi alivyokuwa akiandika hesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, nasi tukamwacha aandike, kwa sababu tulishaona atakuwa mwalimu. Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Mgongo ulikuwa wangu. Na kuhusu ukuta, haikuwa hivyo. Ukuta ule nilikuwa nimetoka kuupaka chokaa, na nilimchapa. Alilia hadi akalala bila kula. Baba mdogo hakuwepo siku hizo zote mbili, kwa hiyo ni lazima alisimuliwa na mtu, na aliyekuwepo jikoni siku ya ukuta zaidi yangu ni msichana mwenyewe tu. Sikujua kama alimsimulia hivi, bila fimbo, au kama ni baba mdogo aliyeiondoa. Mpaka leo sijamuuliza. Nilikaa na mikono yangu mapajani, nikisikiliza maisha yetu yakipita mbele ya watu, yakiwa mepesi na mazuri, na nikaona kwamba yeyote aliyekuwa pale angependa kukulia ndani yake.

Msichana alipotoka ndani, amevaa nguo zake za Kamembe, watu walisimama. Wakwe walimkubali, ng'ombe akatajwa, baba mdogo akapokea kwa niaba ya nyumba. Kisha msichana akaanza kupita mstari kwa mstari kusalimia ndugu, kama inavyotakiwa. Alimpa baba mdogo mikono miwili, akainama. Akawapitia wazee. Akafika mstari wa pili, kwa shangazi wa kwanza, kisha kwangu. Viganja vyake vilikuwa na baridi.

"Uko sawa, Yaya?"

"Niko sawa."

Alinishika muda kidogo zaidi ya wengine, au ndivyo nilivyotaka iwe. Mstari ulikuwa mrefu, na msindikizaji wake alikuwa akimgusa kiwiko. Akageuka kumsalimia shangazi aliyekaa upande wangu wa pili.